Baba Alivyoomba Dhamana ya Laptopu Ikataliwe

Mteja namba kumi na nne aliniomba niandike kwamba laptopu yake ameiharibu yeye mwenyewe.

Nina miaka miwili kwenye dirisha lile. Watu hunidanganya kila siku, lakini huwa wanadanganya kwa kwenda upande mwingine.

Na laptopu yenyewe haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Halafu mteja namba kumi na nne alikuwa baba yangu mzazi. Tulikuwa tumetoka nyumba moja asubuhi ile. Tulikutana mlangoni, akanipisha nitangulie, na hakuniambia kitu.

Alichukua namba kama watu wengine. Akakaa kwenye benchi kati ya mwanafunzi mmoja na mama mmoja mwenye mfuko wa chaja. Akasubiri zamu yake.

Ngoja nianze vizuri ili usiachwe njiani.

Mimi ni mtu wa aibu. Nilisomea lugha chuoni. Nilipomaliza nilizunguka na vyeti kwenye bahasha mpaka bahasha ikachakaa kabla yangu. Mwishowe nikapata kazi kwenye kampuni inayouza na kutengeneza laptopu. Dirisha la kwanza, mapokezi.

Wiki ya kwanza Meneja aliniletea karatasi ya dhamana. Ilikuwa kwa lugha ya kigeni, kurasa nne, maandishi kama sisimizi.

"Wewe si ndiye umesomea lugha?" akasema. "Nifanyie hii ieleweke. Wateja wanatuchosha."

Nilikaa nayo siku tatu. Kurasa nne zikawa mistari miwili.

Dhamana inafunika kifaa kilichoharibika. Haifuniki kifaa kilichoharibiwa.

Tofauti ni herufi moja. K na W.

Kikiharibika, kimekufa chenyewe, kosa ni la kiwandani, kampuni inabeba. Kikiharibiwa, kuna mkono wa mtu. Umekiangusha, umekimwagia chai, umekikalia kwenye kochi. Hizo ni ajali, na ajali haimo kwenye dhamana ya kawaida. Ajali ina karatasi yake nyingine inayoitwa kinga ya ajali, unainunua pembeni siku ile ile unayonunua mashine.

Karibu kila mtu anaikataa. Kila mtu anaamini ana mikono mizuri.

Meneja alifurahi sana. Mistari ikabandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kuanzia siku hiyo wenzangu wakaniita Kamusi.

Shida ni kwamba lugha yetu inawahurumia wenye makosa. Kwetu hakuna mtu anayevunja kikombe. Kikombe kimevunjika. Hakuna anayemwaga maji. Maji yamemwagika. Wateja walilijua hilo bila kwenda chuo chochote.

"Ilikuwaje?" huwa nauliza, maana fomu inataka maneno ya mteja mwenyewe, bila kuyagusa.

"Ilianguka tu, dada."

"Ilianguka kutoka wapi?"

"Ilikuwa mezani. Ikaamua."

Mwingine alikuja na kibodi inanata soda.

"Soda ilimwagika."

"Nani aliimwaga?"

"Dada, mbona hunielewi? Nimesema ilimwagika."

Ndiyo maana yupo Bisibisi. Bisibisi ni fundi wetu, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili sikioni. Yeye haulizi mtu. Anafungua mashine, anaangalia, anasaini. Bila sahihi ya Bisibisi fomu haiendi popote. Husema kwamba mdomo wa mteja una adabu sana, ila bodi ya ndani ya laptopu haijafundwa, inasema kila kitu.

Sasa nifike kwa mama.

Mama alifariki miezi minne kabla ya siku ninayoisimulia. Ugonjwa ulikuwa mfupi, sitaueleza. Sikulia. Najua wengine husema hivyo kwa kujisifu na wengine kwa kujilaumu. Mimi natoa tu kama taarifa.

Wiki moja baadaye nilirudi dirishani. Watu wakiniuliza, "Upo?" nilijibu, "Nipo tu."

Na kweli nilikuwepo tu. Kama kiti.

Nyumbani kwetu mama ndiye aliyekuwa anaongea. Mimi na baba tulikuwa wasikilizaji wake. Alipoondoka wakabaki wasikilizaji wawili, na hakuna wa kumsikiliza. Tukaanza kuishi kama wapangaji. Salamu ya asubuhi, salamu ya jioni, umeme umekatika, umeme umerudi.

Mama alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi. Alipostaafu alitaka mashine yake mwenyewe, isiyo na kibandiko cha mali ya ofisi. Nilimchagulia mimi, nyembamba, ya kijivu. Dhamana ya miaka miwili, risiti kwa jina lake.

Alipofariki, baba akaichukua. Sikuuliza anaifanyia nini. Siku zile sikuwa nauliza kitu.

Siku ya Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, mashine ilikataa kuwaka. Baba akaweka risiti mfukoni, akaipeleka kazini kwetu bila kuniambia. Alihudumiwa dirisha la pili. Bisibisi akaifungua, akaona bodi imekufa yenyewe, kosa la kiwandani, safi kabisa.

Dirisha la pili wakampa habari njema. "Mzee, hongera. Hii imeharibika. Iko ndani ya dhamana. Utapewa mpya."

Jioni Bisibisi akampigia simu, kama anavyompigia kila mteja, kumwambia jambo la mwisho. Kwenye mashine nyembamba kama ile, sehemu inayotunza vitu vyako haichomoki. Imechomelewa kwenye bodi. Bodi ikienda, vyote vimekwenda. Mpya inakuja kama mtoto aliyezaliwa leo, haimjui mtu. Ile ya zamani inasagwa bohari kuu.

Baba alipokea simu ile sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani, ukuta mmoja kati yetu. Nilisikia akisema, "Sawa. Nimeelewa. Asante." Nikadhani ni watu wa maji.

Asubuhi yake, Ijumaa, ndipo akaja kuchukua namba.

"Kumi na nne," nikaita.

Akaja. Alikuwa amevaa shati lake la kuonana na wakubwa. Akaweka karatasi ya mapokezi mbele yangu, akainyoosha kwa viganja viwili.

"Habari ya kazi, dada."

Dada. Baba yangu huyo.

"Nzuri, mzee. Nikusaidie nini?"

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Mdomo ulikuwa umezoea.

Mwenzangu wa dirisha la pili akaniinamia. "Kamusi, huyu si mzee wako?"

"Ndiye."

"Mbona anakuita dada?"

"Yuko kwenye foleni."

Akanitazama kidogo, akarudi kwa mteja wake.

"Kuna mashine niliileta jana," baba akasema. "Nataka maelezo yabadilishwe. Wameandika imeharibika. Naomba uandike imeharibiwa. Nimeiharibu mimi."

Nikaangalia karatasi. Nikaona jina la mama kwenye mstari wa mwenye mali. Nilikuwa nimepita kwenye rafu nyuma yangu mara tatu tangu asubuhi, mashine kumi na moja zimepangwa, na sikuwa nimeitambua.

"Umeiharibuje?" nikauliza, maana fomu inataka.

Akafikiri. Baba si mtu wa uongo. Hana mazoezi.

"Nimeikalia."

"Umeikalia."

"Ndiyo. Na nikaimwagia chai."

"Vyote viwili?"

"Kwa pamoja," akasema, na masikio yake yakabadilika rangi.

Nilipaswa kucheka. Siku nyingine ningecheka. Nilichofanya ni kumweleza kama ninavyowaeleza wote. Kwamba akisema ameiharibu, dhamana inamtoka. Kwamba hana kinga ya ajali, kwa hiyo hatapata mpya wala kutengenezewa bure. Kwamba atarudishiwa ile ile, mfu, kwenye mfuko wa nailoni.

"Ndicho ninachotaka," akasema.

"Hutaki mpya?"

"Nataka ile."

Wakati huo Bisibisi alikuwa amesikia. Akaja na kalamu zake.

"Mzee, nilikueleza kwenye simu."

"Ulinieleza vizuri sana. Ndiyo maana nimekuja."

"Huwezi kuhamisha vitu vyake kwanza?" nikamuuliza Bisibisi.

"Haiwaki, Kamusi. Nitahamishaje kitu kisichowaka? Mpaka niichome bodi, nibadilishe kilichokufa. Na bodi yenye dhamana haiguswi na moto, wewe unajua. Ikiwa nje ya dhamana ningeijaribu. Ikiwa ndani, mikono mfukoni."

"Basi aondoe madai. Aseme hataki tena."

Bisibisi akaangalia pembeni. Nikaelewa kwamba hilo ni la Meneja.

Gari la bohari hufika saa tano. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

Nikaenda kwa Meneja. Mimi ni mtu wa kugonga mlango halafu kuomba radhi kwa kugonga. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Meneja si mtu mbaya. Alikuja msibani, alikaa chini kwenye mkeka na sketi yake ya ofisi.

"Kupokea, tunapokea kwa risiti," akasema. "Kuondoa, tunaondoa kwa sahihi ya mwenye mali. Mwenye mali ni nani?"

"Mama yangu."

Akaweka kalamu chini.

"Kuna karatasi za mirathi?"

"Hazijatoka. Wanasema miezi mitatu, labda minne."

"Gari linakuja leo."

"Ndiyo."

"Kamusi," akasema kwa upole, "mimi mwenyewe siwezi kuitoa humo. Mfumo unataka sahihi. Na bohari hawaturudishii kitu, isipokuwa kile wanachokikataa wao."

"Wanakataa nini?"

"Kilichoharibiwa. Umeandika mwenyewe, kiko ukutani."

Nikarudi dirishani. Baba alikuwa bado amesimama pale pale, mikono juu ya kaunta, kama amewekwa alama asisogee.

Nikachukua fomu mpya. Kwenye sehemu ya maneno ya mteja nikaandika: Nimeikalia na kuimwagia chai. Nikampa Bisibisi asaini.

Akaisoma. Akanirudishia.

"Siwezi."

"Bisi, ni mama."

"Najua ni mama. Ila mimi nasaini nilichokiona, na hii jana niliiona. Haina unyevu, haijabonyea, haina ufa. Nikisaini chai, bohari wataifungua, watakuta hakuna chai. Wataibadilisha hivyo hivyo, na mimi nitakuwa nimedanganya bure."

Ilikuwa kweli. Nilisimama na ile fomu mkononi, nikisikia feni ikizunguka juu ya kichwa changu, tik, tik, tik, kuna kitu kilikuwa kinagusa.

Bisibisi hakuondoka. Alikuwa anafuta bisibisi yake ndogo kwa pindo la koti.

"Mimi sisemi kitu," akasema akiangalia bisibisi. "Ila modeli hii, kona ya kushoto ya mbele, ndani ni hewa tupu. Hakuna waya, hakuna chochote. Nashangaa kwa nini waliacha nafasi pale."

Kisha akaenda kwenye meza yake, akaketi akitupa mgongo.

Kuna kanuni moja kubwa dirishani. Kifaa kikishapokelewa hakirudi mikononi mwa mteja mpaka kimalizwe. Haijalishi mteja ni nani. Nimewahi kumkatalia padri.

Nikaenda kwenye rafu. Ya saba kutoka kushoto. Nikabandua kibandiko cha KWENDA BOHARI, nikaibeba. Ilikuwa nyepesi, nilikuwa nimesahau ilivyo nyepesi. Nikazunguka kaunta, nikatoka upande wa wateja, jambo ambalo sijawahi kulifanya saa za kazi.

Nikampa baba.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani.

"Kona ya kushoto ya mbele," nikamwambia taratibu. "Isiwe juu sana. Hapa kwenye kiuno panatosha."

Alielewa. Aliigeuza kona ikatazama chini. Aliishika nje ya mwili wake, mikono imenyooka.

Halafu ikawa basi.

Sekunde zikapita. Mwanafunzi kwenye benchi akatoa spika masikioni. Mama wa chaja akasogeza miguu.

"Siwezi," baba akasema.

"Ni kuiachia tu."

"Najua. Vidole havitaki."

Niliviangalia vidole vyake. Vilikuwa vimekuwa vyeupe kwenye kucha. Alikuwa mtu mzima wa kunyanyua magunia ya saruji kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa ameshindwa kuachia kitu chenye uzito wa daftari mbili.

Nikaweka mikono yangu juu ya yake. Ilikuwa ya moto. Yangu ilikuwa ya baridi, ilikuwa ya baridi muda mrefu.

"Baba," nikasema. "Achia."

Nadhani lilikuwa neno la kwanza la maana nililomwambia tangu msiba.

Akaachia.

Haikupiga kelele kubwa. Ilisikika kama kitabu kinachoanguka. Kona ikapasuka, kipande cha plastiki cha ukubwa wa ukucha kikateleza mpaka chini ya benchi, na mwanafunzi akakiokota, akaja kunipa bila kuuliza.

Bisibisi akaja. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Naam," akasema. "Sasa nimekiona."

Akasaini.

Nikachukua fomu nyingine. "Nini kilitokea?" nikamuuliza baba, kwa utaratibu.

"Nimeiachia," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo.

Saa tano kasoro robo Meneja alitoka na kuisoma. Aliisoma mara mbili.

"Nimeiachia. Hilo ni imeharibika au imeharibiwa?"

"Imeharibiwa," nikasema. "Kuna mkono."

"Nani alimpa mteja kifaa kilichokwisha pokelewa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Aliomba dhamana ikataliwe, na haikuwa na sababu ya kukataliwa."

Aliangalia benchi, akamwangalia baba, akaangalia ile mistari miwili ukutani kana kwamba itamsaidia. Kisha akabonyeza kinachobonyezwa. Kwenye skrini yangu hali ya mashine ikabadilika: Nje ya dhamana. Arudishiwe mteja.

Mchana ule ule nilipewa onyo la maandishi. Nililisaini. Nakumbuka tu kwamba jina langu lilikaa vizuri kwenye mstari.

Bisibisi aliichukua mashine kama kazi ya kulipia, foleni ya kawaida. Ilimchukua majuma matatu, maana kipuri hakikuwepo. Kilipofika kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Akakichomelea chini ya hadubini, akabonyeza swichi, na taa ikawaka.

"Imeamka," akaniambia. "Sikuingia ndani, ina neno la siri. Mpelekee mzee wako."

Nikaipeleka nyumbani jioni ile.

Njiani nilijiuliza kilichomo. Picha, labda. Barua alizokuwa anawaandikia majirani, maana mama aliandikia mtaa mzima barua za kuomba kazi. Labda sauti yake imerekodiwa mahali. Labda kuna kitu ametuandikia, mimi au baba, nacho kimekaa humo kikisubiri. Nilifikiri hayo yote kama mtu anayesoma orodha ya mtu mwingine.

Baba alikuwa sebuleni. Nikaiweka mezani. Akafuta kiti kwa mkono, akakaa, akaifungua. Ikatokea picha ya kawaida ya milima iliyokuja na mashine, jina la mama, na kile kisanduku cha neno la siri.

Nilitaka kwenda chumbani. Lakini miguu ilibaki, na mimi nikabaki nayo.

"Unalijua neno la siri?" nikauliza.

"Nalijua."

Akaandika kwa kidole kimoja. Akabonyeza.

Mashine ikakataa.

"Umekosea," nikamwambia. "Umeandika aaa."

"Najua."

"Basi andika lenyewe."

"Subiri. Tazama."

Chini ya kisanduku palikuwa pametokea maneno madogo meupe. Unajua ukikosea neno la siri, mashine hukuonyesha kidokezo, yale maneno mwenye mashine aliyojiandikia ili akumbuke. Wengi huandika jina la mbwa, au mwaka. Mama hakujiandikia yeye. Alijua nani angekuja kukwama pale.

Kidokezo kilisema: Lile jina unaloniita ukitafuta miwani.

Baba akayasoma kwa midomo, bila sauti. Kisha akacheka kidogo puani.

"Mara ya kwanza nilikosea kweli," akasema. "Wiki ile ya msiba. Nilitaka kutoa picha ya kuweka kwenye fremu. Vidole vyangu vinene, nikabonyeza vibaya. Akatokea akaniambia hivyo."

"Picha ulizipata?"

"Sijaingia."

"Hujaingia ndani hata mara moja?"

"Ndani kuna mambo yake. Nitaingia siku moja. Mimi nakuja hapa mlangoni, nakosea makusudi, ananijibu. Mara tatu, mara nne. Ukizidisha anasusa, anafunga, anakuambia usubiri."

"Miezi minne, baba?"

"Kila jioni. Wewe unakuwa chumbani."

Kwa hiyo hapakuwa na barua. Hapakuwa na sauti wala picha alizokuwa akiziokoa. Baba alivaa shati la wakubwa, akasema uongo kuhusu chai, akaiachia mashine ya marehemu mkewe sakafuni mbele ya watu, nami nikapewa onyo, kwa ajili ya mstari mmoja ulioandikwa nje ya mlango.

Nikausoma tena. Ulikuwa ni yeye kabisa. Hata ile namna yake ya kukuchokoza bila kukutazama.

"Anakuitaje?" nikasema, halafu nikajirekebisha. "Unamwitaje, ukitafuta miwani?"

"Hilo si lako."

"Haya."

"Mwanangu mzima, na elimu yako, unauliza mambo ya wazazi."

"Basi, yaishe."

Akasogea kwenye kiti, akabaki nusu, akanipa nusu nyingine. Nikakaa. Akanisukumia mashine. Ile kona iliyopasuka Bisibisi alikuwa ameibandika kwa gundi, ilinikwaruza mkono kidogo.

"Kosea na wewe," akasema.

Nikaandika herufi za ovyo. Nikabonyeza. Akatokea.

Sikulia hata hapo. Ila nilihisi baridi ya sakafu kwenye nyayo, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeingia bila viatu kila siku tangu msiba na sikuwahi kuihisi.

Nimeandika haya kwa sababu watu hunitumia ujumbe kuniuliza kama dhamana, wao huiita waranti, inafunika laptopu iliyoanguka au kumwagiwa maji. Jibu ni hapana, ya kawaida haifuniki. Hiyo ni kinga ya ajali, inunue siku ya kwanza, usiiamini mikono yako. Na mkiwa wawili nyumbani, andikisheni majina mawili kwenye risiti, ili mmoja akiondoka, sahihi ya mwingine itoshe.

Na ukiambiwa hongera, utapewa mpya, usishukuru haraka. Uliza kwanza ile ya zamani inapelekwa wapi, na kama kuna mtu nyumbani ambaye bado anazungumza nayo.